Rangi ya tausi iko wapi?

Msomaji wa South B ameniandikia hivi: "Fundi, habari ya kazi. Dada yangu anaolewa Desemba na amechagua rangi za tausi, kuanzia vitambaa vya meza hadi kucha. Mimi nimeachiwa vito. Juzi nilipita Biashara Street, nikaonyeshwa vitu vitatu kwenye duka moja. Cha kwanza ni kidani cha lulu zenye weusi wa kijani, zinameremeta kama shingo ya tausi. Muuzaji anasema ni lulu za Tahiti na rangi hiyo ni ya asili, Sh 8,500. Cha pili ni pete ya jiwe analoita topazi ya tausi. Ukiigeuza inatoa kijani, buluu na waridi kwa pamoja. Cha tatu ni hereni za dhahabu zenye umbo la tausi, zimepambwa kwa kijani na buluu. Mama naye anasema tausi huleta mkosi kwenye nyumba ya maharusi. Ninunue kipi, na nitajuaje sidanganywi?"

Dada, nikujibu kwanza, maelezo yafuate. Kidani hicho huenda ni cha lulu za kweli, lakini si za Tahiti, na rangi hiyo hazikuzaliwa nayo. Pete iache, au uinunue ukijua itavaliwa siku chache tu. Hereni ndizo ningezishika kwanza mkononi, ila kuna mambo mawili ya kuuliza kabla hujatoa pesa. Mama mwambie asubiri kidogo, zamu yake inakuja.

Kwenye droo ya meza yangu ya kazi, chini ya koleo na tupa, kuna unyoya mmoja wa tausi. Niliuokota uani kwa mteja aliyekuwa akiwafuga. Dume hupukutisha mkia wake kila mwaka msimu wa kupandana ukiisha, kwa hiyo hakuna aliyenyonyolewa. Mteja akija na habari za rangi ya tausi, humpa huo unyoya kabla sijamwonyesha kito chochote. Akiutazama huku mwanga wa dirisha ukiupiga usoni, lile jicho linawaka: katikati buluu nzito inayokaribia zambarau, kando yake feruzi, kisha rangi ya shaba, kisha kijani chenye dhahabu. Halafu namwambia ageuke auinue, dirisha liwe nyuma ya unyoya. Rangi zote zinazimika. Kinachobaki ni kahawia, kama ganda la karanga.

Ukweli ni kwamba ndani ya unyoya wa tausi hamna buluu wala kijani. Rangi pekee iliyomo ni melanini, ile ile inayotupa sisi weusi wa ngozi na nywele. Melanini hiyo imepangwa kwa vijiti vidogo mno, safu juu ya safu, na mwanga ukiingia katikati ya safu hizo hurudi umechujwa. Penye buluu nafasi kati ya vijiti ni kama nanomita 140 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), penye kijani ni kama 150. Tofauti ya nanomita 10 tu, na jicho lako linaona rangi nyingine kabisa. Mwingereza Robert Hooke aliutazama unyoya huu kwa hadubini akaandika mwaka 1665 kwamba ukiulowesha maji rangi zake hupotea. Hakuwa na vyombo vya kuona vijiti, lakini alikwisha kushuku kwamba rangi hii ni kazi ya mwanga.

Ndiyo maana mtu akiniletea kitu cha "rangi ya tausi" simwulizi ni rangi gani. Namwuliza rangi iko wapi. Imo katika maumbile ya kito chenyewe? Imetandazwa juu yake kama utando? Au imeingizwa, kama kitambaa kilichochovywa kwenye ndoo? Vitu vitatu ulivyoonyeshwa vinaweza kumeremeta sawa chini ya taa za duka. Ila kimoja utamrithisha mjukuu, kingine kitakuaibisha kabla ya Pasaka.

Tuanze na lulu, maana hapo ndipo watu wa Nairobi wanapoumia zaidi.

Katika biashara ya lulu, neno "tausi" lina maana yake mahususi. Halimaanishi kila lulu nyeusi. Ni lulu ya Tahiti yenye mwili wa kijani kilichokolea, na juu ya kijani hicho inateleza waridi au zambarau kila unapoizungusha. Tahiti lenyewe ni jina la soko tu. Mashamba mengi yako visiwa vya mbali vya Polinesia ya Ufaransa, kama Tuamotu na Gambier, katikati ya Pasifiki. Chaza anayezizaa anaitwa na wataalamu Pinctada margaritifera, chaza mwenye ukingo mweusi, naye si mgeni kwetu: anaishi hata kwenye miamba ya Bahari ya Hindi, pwani yetu ikiwamo. Ukipata kombe lake, litazame ndani. Katikati ni jeupe la fedha, lakini kadiri unavyokaribia ukingo linakuwa la moshi, kisha kijani, kisha zile rangi za shingo ya tausi. Rangi ya lulu inatoka kwenye ukingo huo.

Mfugaji humfungua chaza kidogo sana na kupachika ndani yake gololi iliyochongwa kutoka kombe la kome wa mtoni, mara nyingi wa mto Mississippi kule Marekani, pamoja na kipande kidogo cha nyama ya ukingo wa chaza mwingine. Kile kipande cha nyama ndicho huamua rangi. Kisha chaza hurudishwa baharini, na kwa muda wa miezi 18 hadi 24 huifunika gololi ile kwa vigae vyembamba, kila kimoja unene wake kama nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Mwanga unacheza kati ya vigae hivyo kama unavyocheza kwenye safu za unyoya, na chini yake kuna weusi wa chaza mwenyewe unaofanya rangi zikolee. Yaani lulu na tausi, mmoja wa baharini na mwingine wa nchi kavu, wamefikia ufundi wa aina moja.

Sasa fikiria gharama. Chaza mmoja kwa kawaida hubeba lulu moja. Wengine hufa, wengine huitema gololi, wengine hutoa lulu yenye mabonde. Kupata lulu arobaini hivi za kijani cha tausi, za duara, zinazolingana ukubwa, ni kazi ya kuchambua maelfu. Kidani cha Tahiti chenye kasoro wazi hugharimu mamia ya dola, kilicho kizuri ni maelfu. Hakuna hesabu itakayokifikisha kwenye Sh 8,500, hata muuzaji awe binamu yako.

Alichokuonyesha, kwa kukisia kutokana na bei, ni lulu za maji baridi kutoka China zilizotiwa rangi. Kome wa maji baridi hubeba lulu kwa makumi kwa mara moja, ndiyo sababu ni rahisi. Rangi zao za asili ni nyeupe, pichi, waridi na urujuani. Nyeusi ya asili hawana. Kwa hiyo ukiona lulu ya maji baridi yenye rangi ya tausi, usisumbuke kubishana: imetiwa dawa au imepigwa mionzi. Na muuzaji wako si lazima awe mwongo. Huenda naye aliambiwa hivyo hivyo huko Guangzhou alikonunulia.

Utathibitisha vipi? Omba lenzi ya sonara, ile ya kukuza mara 10. Duka la vito lisilo na lenzi ni kama bucha isiyo na mizani. Usitazame lulu, tazama tundu. Sogeza lulu mbili kwenye uzi mpaka uone mdomo wa tundu la uzi. Rangi ya kutiwa hupenda kujikusanya pale: utaona pete nyembamba iliyokolea kuliko sehemu nyingine, au ufa mdogo ulionyonya wino, au uzi wenyewe umechafuka kijani. Wakati mwingine unaona ngozi ya kijani nje na weupe mtupu ndani. Hiyo lulu ilichovywa. Halafu rudi nyuma utazame kidani kizima. Lulu zenye rangi ya asili ni kama watoto wa nyumba moja, wanafanana lakini hakuna mapacha: moja imeegemea kijani, jirani yake imeegemea kijivu, ya tatu ina waridi zaidi. Arobaini zikiwa na rangi moja kabisa, zimetoka ndoo moja.

Kuna watu watakaokufundisha kuisugua lulu kwenye jino. Ikikwaruza kama mchanga laini ni ya kweli, ikiteleza ni kioo au plastiki. Ni kweli, na mimi mwenyewe hufanya. Lakini jino linajua lulu tu, halijui rangi. Lulu ya maji baridi iliyotiwa rangi itakwaruza vizuri kabisa, nawe utoke dukani ukiamini umeshika Tahiti. Nimewaona wengi walionaswa hapo, na ni wale waliojisomea kidogo, si wasiojua kitu.

Je, lulu iliyotiwa rangi ni takataka? Hapana. Ni pambo zuri likiitwa jina lake na kulipiwa bei yake. Kwa hizo, Sh 8,500 naiona ghali, mpigie bei. Na mwambie bibi harusi avae kidani baada ya kujipulizia manukato, sio kabla, na asikianike juani, kwa sababu rangi ya dawa hupauka. Kagua pia kama kati ya lulu na lulu kuna fundo la uzi. Pasipo na mafundo, uzi ukikatika ukumbini mtaokota lulu chini ya viti usiku kucha.

Pete sasa. Hiyo "topazi ya tausi" naijua kwa machungu.

Miaka ya mwanzo ya kazi yangu mama mmoja aliniletea pete kama hiyo niipanue saizi moja. Topazi ni jiwe gumu, daraja la 8 kwenye kipimo ambacho almasi ni 10, basi sikuwa na wasiwasi. Nikaikata pete chini, nikaongeza kipande cha fedha, nikalehemu. Nilikuwa nimelifunika jiwe, lakini si vya kutosha. Nilipoipoza na kuifuta nilikuta jiwe limegeuka jeupe lenye madoadoa, upande mmoja bado una kijani kidogo kama petroli iliyomwagika kwenye dimbwi la mvua. Nililigeuza nikalitazama kwa nyuma kwa lenzi, na hapo ndipo nilipoelewa. Topazi ilikuwa haina rangi tangu mwanzo. Rangi yote ilikuwa utando wa metali, titani hasa, uliopakwa upande wa chini wa jiwe, mwembamba kuliko kitu chochote unachoweza kukigusa. Yule mama nilimlipa jiwe. Kwenye pete yenyewe sikupata hata senti.

Mawe haya yalianza kuenea sokoni mwishoni mwa miaka ya 1990. Jiwe ni topazi ya kweli, kwa hiyo muuzaji hadanganyi akiliita topazi. Lakini uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ukiligeuza kifudifudi chini ya taa utaona utando unavyong'aa kama povu la sabuni, na jiwe likiwa limetumika, kwenye kingo za michongo utaona mistari myeupe palipokwaruzika. Utando hauna ugumu wa topazi. Haupendi moto, tindikali, wala mashine ya kusafishia ya mitetemo, na ukishaharibika fundi hawezi kuung'arisha urudi. Kama ni hereni, zisizogongana na kitu, sina neno. Pete ya ndoa ya mtu atakayeosha sufuria, kufunga mtoto nepi na kushika vyuma vya matatu kila asubuhi? Hapana.

Jamaa wa pete hiyo ni lile "jiwe la tausi" linalouzwa vipande vipande kwa watalii, zambarau na buluu na dhahabu. Ni madini ya shaba, chuma na salfa yaliyoota kutu ya rangi, na mengi yamemwagiwa tindikali ili kutu hiyo ije haraka. Ni laini, sarafu inalikwaruza. Weka kwenye rafu, usivae.

Kama bibi harusi anataka jiwe ambalo rangi ya tausi imo mwilini mwake, hahitaji kwenda mbali, na hapa wauzaji wetu huniudhi kwa kung'ang'ania vya kuagizwa. Garba Tula, kaunti ya Isiolo, inatoa yakuti samawi za buluu nzito, kijani na manjano. Wachimbaji hapo zamani walikuwa wakizibagua za kijani kwa sababu mnunuzi alitaka buluu tupu. Siku hizi buluu-kijani ndiyo inayotafutwa, na sokoni inaitwa kwa jina hilo hilo la tausi. Rangi yake hutokana na chuma na titani zilizomo ndani ya jiwe tangu lilipoumbika. Lishike moja kwa kibano dirishani, uligeuze taratibu: kwa upande mmoja ni buluu, ukilizungusha robo mduara linaegemea kijani, na ndani yake mara nyingi kuna mistari ya manjano iliyonyooka kama mikeka iliyopangwa. Pale buluu na manjano zinapopishana, jicho lako linasoma kijani. Ugumu wake ni daraja la 9. Hilo ndilo jiwe la pete ya kila siku.

Opali nayo inaweza kukuteka moyo. Ndani yake kuna viduara vya silika vya nanomita 150 hadi 300 vilivyopangwa kama machungwa sokoni, na mwanga unapita kati yake na kutoka kwa rangi. Wanasayansi wa Australia walilieleza hilo mwaka 1964 kwa msaada wa hadubini ya elektroni. Hapa Nairobi nyingi unazoziona zinatoka Wollo, Ethiopia, ambako ziligunduliwa kwa wingi mwaka 2008. Ni nzuri hadi unasahau kupumua. Lakini zinakunywa maji. Ukiitumbukiza kwenye glasi inaweza kugeuka angavu kama kioo na mchezo wa rangi kufifia, kisha ikikauka siku kadhaa inarudi. Inayokunywa maji hunywa pia mafuta, manukato na supu. Tena inakunywa rangi, ndiyo sababu kuna opali zilizotiwa wino zikauzwa kama nyeusi. Kwa hereni au kishaufu cha shingoni, naam.

Tumefika kwenye hereni zako, na hapa namkaribisha mama.

Tausi anayejulikana na masonara ni yule wa India, na India ndiko alikokaa kwenye dhahabu tangu enzi na enzi. Ni ndege wa taifa wa nchi hiyo tangu 1963. Unyoya wake uko kwenye kilemba cha Krishna, mungu wa Wahindu, na wachoraji humweka kando ya Saraswati, mungu wao wa kike wa elimu. Mfalme Shah Jahan alikalia mwaka 1635 kiti cha enzi kilichobeba jina la ndege huyu. Mfaransa Jean-Baptiste Tavernier, mfanyabiashara wa vito, alikiona mwaka 1665 na akaeleza tausi aliyesimama juu yake akiwa ametanua mkia: mwili wa dhahabu, kifuani yakuti kubwa nyekundu na lulu yenye umbo la pea ikining'inia, mkia wa yakuti samawi na mawe ya rangi nyingine. Mwaka 1739 Nadir Shah wa Uajemi akaivamia Delhi akakibeba. Sasa sikiliza: mafundi wale hawakutafuta jiwe moja la rangi ya tausi. Walimjenga ndege kwa mawe mengi, kila moja na rangi yake ya kweli. Nitalirudia jambo hili.

Mkosi anaousema mama upo, ila asili yake ni Ulaya. Huko kuna watu waliokataa unyoya wa tausi ndani ya nyumba kwa kuogopa lile jicho. Ajabu ni kwamba Wakristo wa kale huko huko walimchora tausi makaburini kama alama ya uzima usiokufa, kwa sababu iliaminika nyama yake haiozi. Kwetu Waswahili tausi ni sifa. Tunawapa mabinti jina hilo, tunamchora kwenye kanga, na mwaka 2020 jirani zetu wa Tanzania walishuhudia Rais Magufuli akiwagawia marais wastaafu tausi wa Ikulu kama zawadi ya heshima. Mama akikaza shingo, mkumbushe kwamba yule mwenye mkia wa fahari ni dume. Kama kuna wa kuogopa kulinganishwa naye ukumbini, ni bwana harusi.

Maswali mawili ya hereni, basi. La kwanza: kijani na buluu hiyo ni enameli au ni gundi ya rangi? Enameli ya kweli ni unga wa kioo ulioyeyushwa tanurini juu ya dhahabu mpaka ukashikana nayo, ukoo mmoja na birika na sahani za enameli za bibi zetu. Ile ya siku hizi ni epoksi, gundi ya plastiki, iliyodondoshwa kwenye vijumba na kukaushwa. Iguse kwa ncha ya ulimi au kwenye mdomo wa juu: kioo ni baridi, epoksi ina uvuguvugu wa plastiki. Itazame kwa lenzi: ndani ya enameli nzuri unaona mpaka chini, michongo ya sonara inaonekana kupitia rangi kama changarawe chini ya maji safi, epoksi ina uso uliovimba na viputo vidogo, na baada ya miaka inageuka manjano. Enameli ina udhaifu wake, ikianguka sakafuni hupasuka, lakini rangi yake haifi.

La pili ni la mizani. Tafuta muhuri wa usafi wa dhahabu: 916 ikiwa ni karati 22, au 750 ikiwa ni karati 18. Kisha muulize: uzito wa dhahabu tupu ni gramu ngapi? Hereni za tausi hupendwa na wauzaji kwa sababu enameli na vijiwe vina uzito, na ukilipa uzito wote kwa bei ya gramu ya dhahabu umenunua kioo kwa bei ya dhahabu. Muuzaji mwaminifu atakuandikia mbili mbalimbali. Na zipime sikioni kwa dakika kumi, si mbili. Tausi wa dhahabu akiwa mzito huvuta ndewe. Mwombe fundi aweke kimnyororo cha kushikilia juu ya sikio, kazi ya nusu saa.

Sasa nirudi kwa Shah Jahan. Ningekuwa wewe, na bajeti yako ikiwa ni ya kidani na pete pamoja, nisingenunua chochote kati ya hivyo viwili. Ningenunua hereni kama zimefaulu maswali yangu, kisha ningemtengenezea dada kishaufu cha unyoya mmoja wa tausi kwa mawe ya Afrika Mashariki. Katikati ya jicho weka tanzaniti, jiwe la Merelani, Tanzania, lililogunduliwa 1967, buluu inayogeuka zambarau ukilisogeza. Kwenye pete litakwaruzika, lakini shingoni linakaa salama. Kulizunguka weka yakuti samawi ndogo za Garba Tula. Ukingo wa nje uwe tsavoriti za Taita Taveta, garneti ya kijani iliyopewa jina la mbuga yetu ya Tsavo mwaka 1974. Kijani chake kinatoka kwa metali ya vanadi iliyomo ndani, na ni mojawapo ya mawe machache ambayo wafanyabiashara hawana desturi ya kuyachoma wala kuyapaka mafuta: linatoka ardhini na rangi yake, linakatwa, basi. Tsavoriti kubwa ni ghali mno, ikipita karati mbili za uzito utatafuta kiti ukae. Lakini ndogo za milimita mbili zinapatikana kwa bei ya kibinadamu, na jicho la tausi halihitaji zaidi ya hizo. Fedha inatosha kama dhahabu imekuzidi, mawe hayatalalamika. Mpe sonara wako wiki sita, maana Novemba sote huwa tumelemewa na harusi.

Kuhusu kidani, ukikipenda licha ya yote haya, rudi dukani ukamwambie muuzaji aandike kwenye risiti maneno haya: "lulu za bahari, Tahiti, rangi ya asili, hazijatiwa dawa." Usigombe naye, mwombe tu aandike na agonge muhuri. Kalamu ikianza kusita, zungumzeni bei mpya. Akiandika bila kusita, niletee kidani pamoja na risiti kabla hujakikabidhi kwa mtu, au nitumie picha iliyopigwa kwa karibu. Nataka picha ya tundu, kidani kizima hakinisaidii.